Siku Tulipohamisha Igisabo cha Koko Agata

Nyinyi vijana mnaohama siku hizi mnanichekesha, na nawacheka kwa mapenzi. Mna makartoni, mna skochi, mna simu za kuitia gari. Halafu mkifika nyumba mpya mnaanza kuulizana: chumvi iko wapi, kiberiti kiko wapi, kanga ya mtoto iko wapi. Juzi tu hapa Kamembe nimepata majirani wapya, bibi na bwana wa ndoa changa. Chakula chao cha kwanza walikuja kukipikia kwangu, kwa sababu masufuria yao yalikuwa chini ya meza, na juu ya meza kulikuwa na magodoro, na juu ya magodoro alikuwa amelala bwana, amechoka. Tukapika, tukala, tukacheka. Yule bibi akaniambia, "Mama Zaina, haya unayotuambia ungeyaandika." Basi nimekaa kibarazani nayaandika, na msiponielewa mahali mjue ni magoti yanauma.

Mimi nimefunga vyombo vya watu miaka mingi, mpaka hayo magoti yalipokataa kupigwa chini tena. Kazi yetu haikuwa na jina la maana. Watu walituita "watu wa Papa Ramazani," kwa kuwa Papa Ramazani ndiye aliyekuwa na kamio, yaani lori, na kamba, na maneno mengi. Alikuwa Mwislamu wa hapa Kamembe kama mimi, seremala wa siku nyingi aliyegundua kwamba watu wanapata taabu zaidi kuhamisha kabati kuliko kulitengenezesha. Alinitafuta mimi kwa sababu ya jikoni. Wenye nyumba, hasa akina mama, hawakutaka wanaume wawashikie masufuria na kuwakunjia shuka.

"Mama Zaina," aliniambia siku ya kwanza, "weye utakuwa minisitiri wa jikoni. Miye nabaki na bintu bizito."

Kazi ilikuwa tele. Ilikuwa baada ya mauaji ya kimbari huku kwetu Rwanda, na vita vilikuwa vimeshika upande wa Congo. Kuna waliokuwa wanarudi, kuna waliokuwa wanaondoka, kuna waliokuwa wanahamia kwa ndugu kwa sababu nyumba imebaki kuta tu. Daraja la Rusizi, pale mpakani, halikupumzika. Tulibeba mizigo ya watu wenye majonzi makubwa, siwezi kuwaficha, na kuna nyumba tulizofunga bila mtu kusema neno. Lakini mtu anayehama anahamia mahali, ana matumaini yake mfukoni, na ukikaa naye siku nzima lazima mtacheka. Mimi nilicheka sana katika kazi ile na sioni aibu kusema hivyo.

Kwanza niwape ya jikoni, msije mkasema bibi amepiga soga tu. Sahani haisafiri imelala, inasafiri imesimama kwa ubavu. Ukizilaza, ya chini inabeba uzito wa zote, na kamio ikiruka shimo moja ndiyo inayopasuka. Kati ya sahani na sahani tuliweka majani makavu ya mgomba. Chukua yaliyokaukia kwenye mgomba wenyewe, siyo yaliyoanguka, kwa sababu ya chini yana unyevu na yana wadudu, na hakuna mama anayetaka kuhamia na mende wa nyumba ya zamani. Bilauri unazijaza hayo majani ndani kabla ya kuzifunga nje. Mayai yanakaa ndani ya ndoo ya maharage. Kisha unakuwa na kikapu kimoja, sisi tulikiita kikapu cha kwanza: kiberiti, chumvi, sabuni, sufuria moja, kisu, nguo ya mtoto na dawa kama kuna mgonjwa. Kikapu hicho hakipandi nyuma ya gari na vitu vingine. Kinakaa na mama wa nyumba, magotini, hata akisema kinamchosha.

Ya vitu vizito muulizeni Papa Ramazani, Mungu amrehemu, ingawa naye yalimkuta. Kuna siku tulienda kuhamisha familia moja ya wafanyabiashara pale pale Kamembe. Kulikuwa na armwari, yaani kabati la nguo, ya mbao nzito, nzuri, yenye milango mitatu. Tuliigeuza huku, tukaigeuza kule, ikakataa kupita mlangoni. Ikawa wazi kwamba iliundiwa mle mle chumbani. Papa Ramazani jasho lilimtoka, akatupa kamba chini.

"Ni mupumbavu gani alitengeneza hii armwari mu chumba?"

Mwenye nyumba akakohoa kidogo, akasema, "Ni weye, Papa Ramazani. Mwaka ya harusi yetu."

Tulikaa chini kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. Ilibidi aing'oe misumari yake mwenyewe, mmoja mmoja, akiitia mfukoni huku akijitukana. Tangu siku ile kila kabati alilotengeneza alilifunga kwa kabari, ili lifunguke kwa kugonga kidogo. Mpaka leo mafundi wa hapa mtaani wanafanya hivyo na wengi hawajui sababu.

Sasa niwaambie ya Koko Agata, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna yetu ya kuanza kazi.

Koko maana yake bibi, na Koko Agata alikuwa mama mzee wa Kinyarwanda aliyeishi Bukavu, upande wa Congo, tangu alipovuka mto akiwa msichana, miaka ile watu wao walipofukuzwa mara ya kwanza. Alizaliwa kilimani Mururu, upande huu wa Rwanda. Bukavu aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akazeeka. Vita vilipoanza, nyumba yao iliporwa, wakabaki na vitu vichache, na watu wenye asili ya Rwanda wakaanza kutazamwa kwa jicho baya. Mwanawe, Papa Furaha, akapata kiwanja Mururu, akajenga nyumba ndogo ya matofali, akaja kwa Papa Ramazani kutaka ahamishwe. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mama yake.

Siku tulipokwenda Bukavu kufunga vitu tulimkuta Koko amekaa kwenye kiti chake, na kiti hicho ndicho kilichokuwa kizito kuliko vitu vyote.

"Batoto bangu," alituambia, "kule hakuna muntu ananijua. Bale balinijua balikufa, ama balikimbia kama siye. Minaenda kufanya nini fasi hakuna muntu ataniita kwa jina?"

Furaha, mjukuu wake, msichana mkubwa mwenye meno meupe na mdomo mwepesi, akamwambia, "Koko, miye nitakuita kila saa mpaka uchoke."

Mwisho alikubali kwa sharti moja. Alikuwa na igisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, alichoachiwa na mama yake, aliyekibeba mgongoni siku walipokimbia. Kwao ilikuwa desturi kwamba familia ikifika nyumba mpya, maziwa yatiwe ndani ya igisabo kabla sufuria yoyote haijapanda motoni. "Kama igisabo yangu haikunywa maziwa siku ile ile," alisema, "munirudishe Bukavu. Nitakufia hapa." Papa Furaha aliapa. Alikwisha nunua ng'ombe mmoja wa madoadoa, amefungwa nyuma ya nyumba Mururu, anangojwa tu.

Papa Ramazani alikichukulia kile kibuyu kama yai. Alikitia kikapuni, akakizungushia majani, halafu juu yake akakifunga kwa gunia lake laini kuliko yote, gunia alilolitunza kwa vitu vya thamani. Alikwisha funga nalo saa za ukutani, vioo, hata sanamu ya Bikira Maria ya masista. Lile gunia alilipata kwa wanawake wa kisiwa cha Nkombo wanaoleta sokoni sambaza kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alilifua kwa sabuni, tena mara nyingi, na kwa pua zetu lilikuwa safi. Mnajua sisi wa Kamembe tumekulia kwenye harufu ya sambaza, hatuisikii. Na Papa Ramazani alikuwa mtu wa ugoro, pua yake ilikuwa pambo tu.

Darajani tulisimama juani muda mrefu sana. Koko na Furaha walitangulia kwa miguu na kikapu cha kwanza, sisi tukabaki na kamio. Askari mmoja alipanda nyuma kukagua, akafika kwenye kile kikapu, akainua pua.

"Mumebeba sambaza?"

"Afande," Papa Ramazani akamjibu, "huku kwetu hata mawe inanuka sambaza." Wakacheka wote wawili, tukapita.

Tulipofika Mururu Koko alikuwa amesimama uani, hajaingia ndani. Ng'ombe alikwisha kamuliwa, maziwa yako tayari kwenye chombo chake. Papa Ramazani akaleta kikapu mwenyewe, kwa heshima, akafungua gunia. Kibuyu hakikuwa na ufa hata mmoja. Alitabasamu kama bwana harusi. Koko akakipokea, akatoa kifuniko, akaweka pua.

Nyinyi mliokulia mjini hamjui maana yake. Kwa wafugaji wa zamani, maziwa na samaki havikai chumba kimoja. Wengine samaki hawakumla kabisa, na aliyemla hakusogezwa karibu na chombo cha maziwa. Na kibuyu kinanyonya harufu, kikipigwa na jua ndiyo kabisa.

"Ni nini hii?" akauliza Koko, polepole. Akanusa tena. "Samaki! Muliweka samaki mu igisabo ya mama yangu!"

Papa Ramazani akainama akanusa. "Koko, miye sisikie kintu."

"Utasikia na nini? Pua yako ilikufa!"

Nami nikanusa, na wallahi sikusikia kitu. Furaha alinusa, akaziba mdomo, na sikujua kama analia au anacheka. Koko alikirudisha kibuyu kikapuni, akaenda akakaa juu ya godoro lililofungwa, kifurushi chake cha nguo magotini, uso ameuelekeza daraja lilipo. "Papa Furaha," alisema, "nirudishe."

Papa Furaha alikuwa mwanaume mzima mwenye ndevu, lakini saa ile alisimama kama mtoto aliyemwaga mboga. Sote tulijua Bukavu ilivyokuwa siku zile. Nyumba ya kule ilikuwa imebaki tupu, na njia yenyewe ilikuwa ya hatari. Moyo wangu uliniuma sana. Nilijua kwamba yule mama hatishii tu, atapanda kamio arudi kweli.

Hapo ndipo nilipompenda Papa Ramazani. Hakubisha, hakusema gunia lilifuliwa. Alipiga magoti mbele ya lile godoro.

"Koko, kosa ni yangu. Uniambie tu, inasafishwa na nini?"

"Iko majani. Unachoma, unaweka moshi ndani. Weye utayajua wapi? Hata Bukavu niliyakosa, nilitumikisha ingine."

"Yanamea wapi?"

 Bila kugeuza kichwa, Koko akaonyesha mgongo wa kilima kwa kidevu. "Kule nyuma. Ku njia ya kuchota mayi. Kama bado iko."

"Ninaenda kuyaleta."

"Weye? Utaniletea majani ya mbuzi!"

Na akasimama. Alikasirika hata akasahau kwamba hataki kukanyaga kilima kile. Akashika fimbo yake, akaniita mimi nimfuate, akaondoka.

Mwanzoni alilalamika njia nzima: mawe mengi, migomba ya ovyo, ng'ombe na mbuzi wa watu wamekata njia. Nikawa nasema ndiyo Koko, ndiyo Koko. Mbele kidogo nikajaribu kumshika mkono tupande kushoto. Akanivuta. "Hapana, njia ilipita chini, kuna jiwe kubwa." Tukashuka, na jiwe lilikuwapo. Akalipapasa, akaendelea kushuka. Baada ya hapo mimi ndiye niliyekimbia nyuma yake.

Majani aliyakuta kando ya mfereji, karibu na chemchemi. Aliyachuma, akayafikicha, akayanusa, akanipa na mimi ninuse. Tulikuwa tumeshika mafungu mikononi tuliposikia sauti kali kutoka juu yetu.

"Nani anakata majani ya ng'ombe wangu?"

Ilisemwa kwa Kinyarwanda, nami nawaandikia kwa Kiswahili. Alikuwa mama mzee kama Koko, mfupi, na mundu mkononi. Akashuka, akatutazama kwa hasira. Koko akajibu kwamba anataka ya kufukizia igisabo tu. Yule mama akauliza, "Wewe ni wa nani?" Koko akataja jina la baba yake, kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetegemea lolote.

Mundu ulianguka.

"Agata!" yule mama akapiga kelele. "Agata uliyevunja mtungi wangu hapa hapa, ukakimbilia Congo!"

Koko alimtazama, akamtazama tena. "Venansia," akasema, "mtungi wenyewe ulikuwa na ufa."

Jamani. Walikumbatiana wakaanguka majanini, wakalia, wakacheka, wakalia tena, na mimi nikiwashika wasije wakatumbukia mferejini, nami nalia na sijui mtungi gani. Venansia alikuwa amepoteza watu wengi, nilikuja kujua baadaye. Naye pia alikuwa akiishi pale bila mtu wa kumwita kwa jina la usichana wake.

Walirudi uani wameshikana mikono, majani yamebebwa na mimi. Venansia alichukua uongozi mara moja. Aliitisha makaa kwenye chungu kilichopasuka, akaweka majani juu, akainamisha kibuyu mdomo chini, moshi ukaingia. Kisha maji ya moto, kisha kutikisa, kisha moshi tena. Kila mara Koko akinusa anatingisha kichwa, na Papa Ramazani anakimbia kuongeza makaa. Jua lilikuwa linaelekea ziwani Koko aliponusa bila kutingisha kichwa, akampa Venansia anuse, naye akanusa mara mbili.

"Imebaki kidogo," akasema Koko.

"Kidogo," akakubali Venansia. "Lakini maziwa yatachoka kungoja."

Koko akamimina maziwa. Furaha akapiga vigelegele hata ng'ombe akashtuka. Bibi yake akaingia nyumbani mwake na kibuyu kifuani, nami nikakimbia kufungua kikapu cha kwanza, kwa kuwa sasa sufuria iliruhusiwa kupanda motoni. Papa Furaha alizunguka nyuma ya nyumba akakaa huko kidogo, akarudi macho mekundu.

Kuanzia siku ile, tukiitwa mahali, hatukushika hata kijiko kabla ya kuuliza: "Humu ndani, ni kitu gani kikiharibika njiani utataka kurudi ulikotoka?" Watu walitujibu mambo hamtayaamini. Mmoja alituonyesha jiwe la kusagia. Mzee mmoja wa Mibirizi alifikiri sana akasema, jogoo. Bwana mwingine alimtazama mkewe, mkewe akamtazama, akasema haraka, "Njo huyu!" yaani ndiye huyu. Kitu hicho tulikifunga mbele ya mwenyewe, kwa kitambaa alichokitoa mwenyewe, na alikinusa kwanza.

Koko Agata naye hakumwacha Papa Ramazani. Tukipita Mururu na kamio alisimama njiani na Venansia wake, wanaziba pua, wanaita, "Papa Sambaza! Papa Sambaza!" Kisha wanatuita tunywe maziwa. Papa Ramazani alikunywa mpaka tone la mwisho kila mara.

Vita vya Congo vilikuwa vinaelekea kutulia Furaha alipopata mchumba. Alimpata wapi? Nkombo. Kijana mtulivu, mrefu, na ukoo wao wote, baba, wajomba, ndugu, kazi yao ni sambaza. Tuliposikia tulishika vichwa. Papa Ramazani alisema yeye haendi kule kilimani, watamchinja. Lakini Koko alituma mtu: waje kufunga mizigo ya bibi harusi, na wasichelewe.

Tulifika tukafunga nguo, mikeka, masufuria. Koko alikaa pembeni na Venansia. Tulipomaliza aliingia chumbani akatoka na igisabo. Akampa Furaha.

"Mama yangu alinipa. Miye ninakupa weye."

Furaha alikipokea kwa mikono miwili. Papa Ramazani alikwisha jifunza, alikuwa amenunua kitambaa cheupe kipya kwa kazi hiyo, akakikunjua kwa majivuno. Koko akakitazama kitambaa, akamtazama yeye.

"Ile gunia yako iko wapi?"

"Gunia gani, Koko?"

"Unaijua."

"Nilishaitupa, Koko. Siku ile ile."

"Mwongo. Muntu mwenye roho ya kutunza misumari ya zamani hawezi kutupa gunia laini vile. Ilete."

Papa Ramazani alienda kwenye kamio, akachelewa huko, akarudi na gunia mgongoni kama mwizi. Koko alilichukua, akalinusa, akakunja uso, akampa Venansia, naye akakunja uso. Kisha Koko akaanza kukifunga kibuyu kwa mikono yake, taratibu, kona baada ya kona, namna ile ile tuliyofunga Bukavu.

"Koko," Furaha akasema, "si itanuka?"

"Inaenda kwa basambaza, mutoto wangu. Bora izoee njiani." Akakaza fundo. "Na ile harufu njo ilinipeleka kwetu. Itakupeleka na weye."

Tulikiweka kwenye boti, magotini mwa bibi harusi, na kwenye kikapu cha kwanza, kando ya kiberiti na chumvi, kulikuwa na maziwa ya ng'ombe wa madoadoa.